Madam na Alama ya Hamsini

Mpaka leo sijui kama nilifaulu semina ya Madam. Cheti ninacho, kimo ndani ya bahasha ya kaki juu ya kabati, na kwa cheti hicho nimeajiriwa kwenye kata, mwaka wa sita sasa. Lakini nikijumlisha alama alizoniandikia kwa mkono wake napata arobaini na tisa. Nikijumlisha tena napata arobaini na tisa. Kufaulu kulikuwa hamsini, na ubaoni, matokeo yalipobandikwa, niliandikiwa hamsini. Ile moja ilitoka wapi? Walimu wengine walinipa nilichostahili, nikawasahau. Huyu alinipa swali.

Tulimwita Madam, kama wanavyoitwa walimu wote wa kike chuoni, ila pale Mpanda ukisema Madam bila kuongeza jina hakuna aliyekuuliza yupi. Kwao ni wapi na alizaliwa lini, sikuwahi kujua, na yeye aliyetufundisha kuuliza watu maswali hakuwa mtu wa kuulizwa. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye miwani miwili, mmoja kifuani kwa kamba na mwingine kichwani, na mara nyingi nilimkuta anatafuta wa tatu.

Mimi nilimjua kwa miguu kwanza. Nilikuwa natandika viatu vya mtumba pale Majengo, naye alikuja mchana mmoja akachagua jozi ya ngozi nyeusi, namba thelathini na tisa. Nikamtajia bei ya kuanzia, ile ambayo hata mimi mwenyewe huona aibu kuitamka, nikajiandaa kushuka. Hakuomba nishuke. Akalipa. Nikafikiri nimepata mteja mjinga. Kumbe alikuwa ndio anaanza. Alikaa kwenye kigoda changu karibu saa nzima akiuliza viatu hivi kavivaa nani kabla, kwa nini kisigino cha kushoto kimelika upande wa nje, na mimi nikiviangalia naona mtu gani. Nikamwambia, Mama, hivi ni vya mtumba, vimetoka Ulaya. Akauliza, "Ulaya kwa nani?" Alipoondoka nilikuwa na hela yangu yote mkononi na nikajisikia nimepunjwa.

Mwaka uliofuata nikaingia chuo. Nilikuwa na miaka thelathini na nne. Ofisi ya kata moja ilikuwa imenikubali kuwa msaidizi wa maendeleo ya jamii, kwa sharti kwamba nipeleke stashahada kabla mwaka haujaisha, la sivyo nafasi wanampa mwingine. Nilipiga hesabu ya masomo yote, nikaona napita. Semina ya anthropolojia ndiyo sikuihesabu vizuri, kwa sababu niliona ina wanafunzi wanane na mwalimu mmoja, nikasema hapo ni kuongea tu, na kuongea ni kazi yangu. Sikujua kwamba semina ile haina mtihani wa marudio. Ukikosa hamsini unarudia mwaka.

Siku ya kwanza aligawa karatasi moja yenye kichwa "Matarajio na Utaratibu wa Alama". Wanafunzi wa miaka ya nyuma walishatuonya kuhusu karatasi hiyo. Waliitaja kama mtu anavyotaja mbwa wa jirani. Mahudhurio alama kumi. Ushiriki kumi. Daftari la uwandani ishirini. Ripoti arobaini na tano. Mahojiano ya mwisho ishirini. Nikajumlisha, nikajumlisha tena, nikanyoosha mkono.

Nikamwambia, "Madam, hizi ni mia na tano."

Akavua miwani ya kifuani, akavaa ya kichwani, akahesabu kwa vidole, midomo ikicheza. Akasema ni kweli, zimezidi tano, na tano hizo ni za mtu wa kwanza atakayegundua. Darasa likanigeukia. Nikaanza kutabasamu.

"Lakini umenikatiza nikiwa naongea," akasema, "na kukatiza ni tano. Kwa hiyo tumemalizana, Bwana Viatu."

Akaifuta tano kwenye ripoti, ikabaki arobaini, na jina nililopewa halikufutika. Tangu siku hiyo kila alipokuwa na orodha ya kujumlisha aliniletea mimi. Hesabu ilikuwa adui yake wa wazi, hakuificha. Nilimjumlishia mahudhurio ya darasa zima, isipokuwa ya kwangu, aliyosema ni haki ajumlishe mwenyewe, na alikosea mara mbili, mara moja kwa faida yangu na mara moja kwa hasara, nikamrudishia zote mbili. Hilo nalitaja kwa makusudi.

Utaratibu wake wa mahudhurio sijawahi kuuona kwingine. Ukichelewa unaandikiwa umefika, ila unaandika mwenyewe kwenye daftari lake ulikutana na nani njiani na mlisalimiana vipi. Ukiwahi bila kusalimiana na mtu, alama nusu. Kashinje, dada wa Kisukuma aliyekuwa anakaa kiti cha pembeni yangu, wiki ya kwanza yote alipata alama nusu kwa sababu alikuwa anakuja mbio ili awahi. Alipouliza kosa lake aliambiwa kwamba kati ya hosteli na darasa kuna watu wasiopungua kumi, na yeye amewapita kama nguzo za umeme. Wiki ya pili Kashinje alisalimia mpaka fundi wa bomba aliyekuwa ndani ya shimo, akafika kipindi kikiwa kimebaki robo saa, akapewa moja kamili.

Na Madam mwenyewe alikuwa mchelewaji. Chini ya majina yetu manane aliandika la tisa, la kwake, na kila alipochelewa bila kuwa na habari ya mtu wa njiani alijiwekea mkasi, alama ya kukosa. Mwisho wa muhula nilimjumlishia: alipata sita. Mimi nilikuwa na nane. Nilimwonyesha, akasema nijivunie kimyakimya.

Masomo mengine yote tulifundishwa Kiingereza. Ripoti yake tuliandika Kiswahili, na ufupisho tu ndio ukawa Kiingereza, kwa ajili ya wakubwa. Alisema waliotuhadithia hawakutuhadithia kwa Kiingereza, kwa hiyo tukiwageuza waongee Kiingereza tuwe tumewaomba ruhusa. Mtaani kwangu hata jina la somo lilisumbua. Wateja waliposikia nasoma anthropolojia waliamini ni mitishamba. Baba mmoja alinivizia nikikunja turubai, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kiuno kinatibika. Niliandika tukio hilo kwenye daftari la uwandani nikitegemea kuchekesha. Madam aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Ulimjibu nini? Kinamuuma tangu lini?" Sikuwa nimeuliza.

Sasa nifike kwenye "hu".

Kwenye ile karatasi, mstari wa mwisho, kwa herufi ndogo, kulikuwa na sentensi ambayo sote tuliisoma bila kuielewa: kila "hu" itakatwa alama moja. Tuliona ni kosa la uchapaji. Ripoti ya kwanza ya majaribio ikarudi. Yangu ilikuwa juu ya wakulima wa mpunga wa Kibaoni, watu wa kabila la Wapimbwe, na ilijaa miduara myekundu. Wapimbwe hulima. Wapimbwe husali. Wanawake hupepeta, wanaume huvuna, watoto huchunga ndege. Miduara thelathini na mmoja, nimeihesabu mara mbili. Pembeni ya kila mduara maneno yaleyale: Nani? Lini? Ulimwona?

Nikaenda ofisini kwake, ambako alikaa pamoja na viti vibovu na wavu wa mpira wa wavu. Nikaanza chini kabisa, kama tunavyoanza sokoni. Nikamwomba thelathini na moja zile azihesabu kuwa kosa moja lililorudiwa. Akakataa. Nikaomba kumi. Akakataa. Nikaomba anieleze basi.

Akaniambia "hu" ni herufi mbili zinazomfanya mtu aseme uongo bila kutoka jasho. Ukiandika Wapimbwe husali, umemsalisha hata aliyelala nyumbani Jumapili ile kwa homa. Mimi nimekaa Kibaoni siku nne, nimeona familia moja. Hao wengine maelfu nimewaona wapi? "Sijakuuliza wakoje," akasema. "Nimekuuliza nani kafanya nini ukiwa umesimama pale."

Nilitoka nikiwa sijaelewa, ila nikiwa na mkakati. Kama "hu" ni alama moja, dawa yake ni kuifuta. Nilikaa na ripoti jioni mbili na kalamu, nikawinda kila "hu" kama kunguni. Nikafuta hulima, nikafuta husali, halafu mkono ukazoea, nikafuta na huyu, nikaweka yule. Nikafuta huduma, nikaweka misaada. Nikafuta huzuni na huruma na hukumu. Pale nilipotaka kusema mambo ya kila siku nikaandika tunavyoongea wenyewe hapa Mpanda: wanalimaga, wanasaliga, wanapepetaga. Kashinje aliisoma akasema, "Kaka, hii ni safi. Hata mama yangu ataielewa."

Madam alinirudishia nakala ile darasani. Alisema amesoma kurasa kumi na nne za maisha ya binadamu na hakukuta huruma hata mahali pamoja.

Nikasema, "Niliiogopa, Madam. Inaanza na hu."

Darasa lilicheka, yeye hakucheka. Aliandika kitu kwenye daftari lake, kisha akatupa kipindi kizima cha kutofautisha "hu" ya hulima na "hu" ya huruma, na ile ya huli unapomwambia mtu kwamba hali chakula. Watu wazima wanane, wengine na watoto nyumbani, tulikuwa tunanyoosha mikono kuuliza kama hundi na hubiri ni salama. Nikauliza na "ga" je? Akasema "ga" ni "hu" iliyovaa kandambili. Mguu ni uleule. Nikamwambia basi watu wote wa mkoa huu tutafeli, maana hatuna namna nyingine ya kuongea. Akasema kuongea tuongee, kwenye kuandika ndipo alama zilipo. Sikuona tofauti. Sina hakika kama naiona leo.

Maana yeye mwenyewe alikuwa mkosaji mkubwa. Kipindi kimoja nilimhesabia. "Wauza viatu huwa mnapenda ubishi." "Wanafunzi wa siku hizi huogopa vitabu." "Nyie vijana hamsikiagi." Mbili za "hu" na moja ya kandambili, ndani ya dakika ishirini. Nilipomtajia hakukasirika. Alifungua ukurasa wa nyuma wa daftari lake, na hapo nikaona safu ndefu ya vijistari, makosa yake mwenyewe, tangu sijui lini. Akaongeza vitatu. Nikauliza amefikisha ngapi. Akaniambia hajui, hajawahi kujumlisha, na nisithubutu.

Kulikuwa na safari ya kwao Kashinje, upande wa Sibwesa. Wazazi wake walihamia huko na ng'ombe kutoka kaskazini yeye akiwa bado anabebwa mgongoni, na baba yake alikubali tuje tukae siku moja. Madam alikuwa ametufundisha ufugaji wiki tatu, rangi za ng'ombe kwa Kisukuma, majina ya pembe, nani hurithi dume. Tulipofika zizini aligoma kushuka kwenye gari. Alikuwa anaogopa ng'ombe. Alishuka baadaye, akasimama nyuma ya Kashinje ameshika daftari mbele ya kifua kwa mikono miwili, na kila ng'ombe alipogeuza kichwa daftari lilipanda.

Mimi nikafanya ninachofanya kila nikiona vitu vingi. Nikahesabu. Na kwa kuwa zilikuwa zinatembea, nikahesabu kwa sauti nisipotee. Nikafika sitini na nne. Kashinje aliangalia chini. Baba yake, ambaye mpaka hapo alikuwa anatuchekea, aliweka fimbo chini ya kwapa akaniambia, "Kijana, umemaliza? Au unaziuza?"

Sikujua kwamba mali ya mtu haihesabiwi hivyo mbele yake, kwa mdomo, kama mzigo stendi. Niliomba radhi, nikasamehewa kwa maneno machache. Lakini nilikuwa na wasiwasi na ile sitini na nne, kwa hiyo jioni zikirudi nikahesabu tena, kimoyomoyo, nikapata sitini na moja. Kwenye daftari langu Madam aliandika: mbili zimekatwa kwa kuhesabu kwa sauti, moja imerudishwa kwa kuhesabu kimya. Nikamuuliza amejuaje kama nilihesabu kimya. Akasema midomo yangu ilikuwa inacheza kama yake.

Huyo ndiye mtu niliyetakiwa kupata kwake hamsini.

Kibaoni nilifikia kwa mjane anayeitwa Mama Deo, mkulima wa mpunga, ambaye ndiye karibu Wapimbwe wote wa ripoti yangu. Kwenye nakala ya pili nilikuwa nimeandika kwamba wajane wa pale wanakubaliga maamuzi ya ukoo kuhusu mashamba. Niliandika hivyo kwa sababu niliambiwa kwamba shamba la bondeni la Mama Deo lilichukuliwa na shemeji zake baada ya msiba, na sikumsikia akilalamika hata siku moja. Madam hakuweka mduara pale. Aliweka mistari miwili chini ya neno "wanakubaliga", akaandika: "Rudi ukamsomee."

Ilikuwa masika, barabara imeoza. Nilifika kwa Mama Deo na matope mpaka magotini, nikamkuta anapepeta. Nilijisikia mjinga, lakini nilitoa karatasi nikamsomea sentensi yangu. Ungo ukasimama.

"Mimi? Nilikubali lini?"

Nikamwambia, Mama, hukulalamika. Akaniambia alinyamaza. Walikuja wanaume watano, akiwa bado na kitambaa cha msiba kichwani, wakamwuliza kama ana neno, yeye akaangalia wanawe watatu wanaokula kwenye nyumba ya hao hao, akanyamaza. "Wao wakasema nimekubali. Na wewe mwanangu umekuja na kalamu yako, ukasema hivyohivyo."

Aliongea mpaka jua likashuka. Mipaka ya shamba lile, mti wa mpaka uliokatwa, mavuno ya mwaka wa mwisho, nani alisema nini na amesimama wapi. Niliandika kurasa tisa. Nilipomaliza sikuwa na sentensi hata moja ya kusema wajane wakoje. Nilirudi Mpanda nikafuta ile ya kwangu nikaweka maneno yake. Nyingine nilizibadilisha nilizoweza, lakini muda ulikuwa umekwisha, na "ga" ni kama mchanga kwenye viatu. Unakung'uta, unavaa, bado ipo.

Mahojiano ya mwisho yalikuwa mtu mmoja mmoja, ofisini, kati ya viti vibovu. Nilijiandaa kwa kila kitu, nikakariri hata ufupisho wa Kiingereza. Aliniuliza swali moja. "Mama Deo anaendeleaje?"

Nikasema anaendelea vizuri.

"Umejuaje?"

 Tangu nitoke kwake ulikuwa umepita mwezi na nusu, namba yake ninayo, na sikuwa nimepiga. Madam akasema asante, aingie mwingine. Nilisimama nje ya ofisi ile nikampigia Mama Deo papo hapo, akasema Deo alilazwa, ametoka, na shikamoo yangu imepotelea wapi. Lakini mahojiano yalishakwisha.

Alama alitupa mkononi, kwenye bahasha, siku moja kabla ya kubandikwa ubaoni. Yangu nilifungua nyumbani. Mahudhurio nane. Ushiriki sita. Daftari kumi na moja. Ripoti ingekuwa thelathini na saba, na chini yake: "ga" ishirini na mbili, inabaki kumi na tano. Mahojiano tisa. Hakuandika jumla. Jumla aliniachia mimi, na mimi nikaipata, mara ya kwanza na mara ya pili, na ya tatu nikamwita Kashinje kwa simu akahesabu na yeye. Arobaini na tisa.

Sikulala sana. Niliona ofisi ya kata ikimpa mwingine kiti changu, nikaona turubai la viatu. Asubuhi nikaamka na hoja nne, nimezipanga kutoka dhaifu kwenda nzito: "ga" moja ilikuwa ndani ya maneno ya Mama Deo mwenyewe, na hiyo si yangu kukatwa, hoja hiyo ndiyo nilikuwa nimeiweka mwisho. Nilienda chuoni nikiwa nimevaa shati la kubembeleza. Nikapita ubaoni kwanza, kwa mazoea tu ya kuangalia kila kitu.

Hamsini. Nilifuata mstari kwa kidole kutoka namba yangu ya usajili mpaka mwisho. Nikaufuata tena. Nikapiga picha.

Mlango wa Madam ulikuwa wazi, hatua kama ishirini kutoka pale. Nilimwona mgongo, anatafuta miwani. Nilikuwa nimekuja kuomba moja, na moja ilikuwa imeshafika bila mimi kufungua mdomo. Kama ameniongezea, kwenda kumuuliza ni kumfanya aitaje. Kama amekosea, kwenda ni kuirudisha. Kama ameona mwenyewe ile "ga" ya Mama Deo, basi ni haki yangu na hakuna cha kuuliza. Nilisimama nikizipima zote tatu, na zote tatu zilinielekeza getini.

Kashinje alinikuta pale. Akaniambia, "Kaka, wewe ukipunjwa nusu unapiga kelele mpaka stendi wanasikia. Leo vipi?" Nikamwambia leo nimechoka.

Nimefanya kazi ile miaka sita, na naamini naifanya vizuri. Nikiandika taarifa za kata siandiki wananchi wanakubali. Naandika nani alisema, na nani alikaa kimya. Mkubwa wangu analalamika kwamba taarifa zangu ni ndefu. Lakini kila nikisaini, hiyo moja iko pale chini ya jina langu.

Mwezi uliopita nilikuwa Majengo kutoa kopi. Kwenye steshenari, mbele yangu, kulikuwa na mama mrefu mwenye miwani miwili, amemshikia dada wa mashine fomu huku akimwambia asubiri kwanza. Nikamwamkia. Aliitikia bila kugeuka, kisha akageuka.

"Bwana Viatu," akasema, kana kwamba tuliachana jana. "Njoo unijumlishie."

Ilikuwa fomu ya kustaafu. Alikuwa ameorodhesha vituo vyake vya kazi, vitatu, na miaka ya kila kimoja: kumi na miwili, minane, kumi na mmoja. Chini ameandika thelathini na mmoja. Jumla ilikuwa sawa na nilimshangaa. Nikahesabu tena, safari hii kwa tarehe alizoandika pembeni, na hapo nikaona. Kwetu alihamia mwezi wa kwanza. Mwaka ule aliuhesabu kule alikotoka, halafu akauhesabu na huku. Ilikuwa thelathini.

Sikumwambia mara moja. Nilikuwa na kitu mkononi, na mimi si mtu wa kutoa nilichonacho kabla sijauliza cha kwangu. Nikamwuliza kuhusu hamsini. Nilimtajia zote, nane, sita, kumi na moja, kumi na tano, tisa, na nikamwambia nimemngojea aniambie miaka yote hii kwa nini aliniongezea.

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa lugha ya kwao ambayo ameisahau.

"Mimi nilipeleka arobaini na tisa," akasema. "Nilipoona ubaoni hamsini nikajua nimekosea kujumlisha, kama kawaida yangu. Nikasema, ngoja. Bwana Viatu anahesabu mara mbili, na nikikosea kwa faida yake ananirudishia. Kama si sahihi atakuja. Nikakaa na mlango wazi siku nzima. Hukuja. Nikajua hamsini ndiyo yenyewe."

Nikamwambia mimi nilimwona mle ndani, nikajua Madam hakosei alama kwa bahati mbaya.

"Nani alikuambia?"

Hakuna aliyeniambia. Basi kilikuwa kidole cha mtu aliyechapa matokeo, mtu ambaye hatumjui hata mmoja wetu. Dada wa mashine aliuliza kama atoe kopi au bado. Fomu ilikuwa mikononi mwangu. Madam alikuwa ananingoja, na kwa uso wake nilijua nikisema ni sawa ataiamini sawa hiyo mpaka mwisho.

"Madam," nikasema, "mwaka uliohamia kwetu umeuhesabu kule na umeuhesabu huku. Umezidi mmoja."

Akavaa miwani ya kichwani. Akanyoosha vidole, midomo ikaanza kucheza, ikafika mahali ikasimama, akaanza upya.

"Wangeuona?"

"Sijui. Labda wasingeuona."

 Halafu akamwomba dada yule fomu nyingine tupu, akanisukumia na kalamu, akasema mwandiko wangu unasomeka kuliko wake. Nikajaza vituo vitatu, nikarekebisha miaka, chini nikaandika thelathini. Alisoma mstari kwa mstari, akasaini, akaupuliza wino ukauke. Kuhusu hamsini yangu hakuongeza neno. Nilitaka kumwuliza sasa tunafanyaje, nikafungua mdomo, lakini kopi zilikuwa tayari, naye alishaanza kuzihesabu, akipotea na kurudi mwanzo.